Bastola ya upepo ya dola 70 na mpini wa mpingo

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonivuta kwenye mchezo huu. Bastola za upepo wanazoshika wachezaji wa Olimpiki katika shabaha ya mita 10, zile za Steyr, Morini au Feinwerkbau, zikiwa mpya huvuka dola 1,500 kirahisi. Crosman 1377, bastola ya pampu ambayo nimeishi nayo tangu nihamie Ohio, huuzwa hapa Marekani kwa dola 60 hadi 80 kutegemea duka na msimu. Zote mbili zinarusha peleti za milimita 4.5, vile vipande vidogo vya madini ya risasi vyenye kiuno chembamba. Tofauti iliyopo kati yao ni kubwa, sikatai, lakini sehemu yake nzuri tu inaweza kufidiwa na mtu mwenye bisibisi, tupa, msasa na jioni za baridi ambazo huku hazikosekani.

Bastola hii iliingia sokoni mwaka 1977 na hadi leo iko dukani. Kampuni yake ilizaliwa miaka ya 1920 huko Rochester, jimbo la New York, kisha kiwanda kikahamia East Bloomfield, si mbali na hapo. Ina ndugu yake wa milimita 5.5 anayeitwa 1322, na yupo mwingine wa ukoo huohuo, 2240, ambaye hapigwi pampu bali anatumia chupa ndogo ya gesi. Vipuri vyao vingi vinaingiliana. Mtengenezaji mwenyewe alitoa michoro inayoonyesha kila kipande kikiwa kimetenganishwa na mwenzake, na namba yake pembeni. Kwa miaka mingi watu binafsi, wengine wakiwa na mashine moja tu ya kuchonga chuma gereji kwao, wamekuwa wakitengeneza vipuri vya kuiboresha. Mimi nimezoea vitu vya siku hizi ambavyo vimegundishwa kwa gundi ili mwenye mali asiweze kuvifungua. Kukutana na kitu cha bei ya chini kinachofunguka chote kwa skrubu kulinipa raha ambayo bado haijaisha.

Namna inavyofanya kazi ni nyepesi kueleza. Kishikio kilicho chini ya mtutu ndicho mkono wa pampu. Kinafunguka kuelekea mbele na kukirudisha ndiko kunakosukuma pistoni. Yeyote aliyewahi kupiga jiko la pampu la mafuta ya taa anaijua hali hiyo: kuna washa inayobana ndani ya bomba, kuna valvu inayoruhusu hewa kuingia na kuizuia kurudi, na washa ikikauka unapiga hewa ya bure. Hewa inajazwa kwenye chemba ndogo nyuma ya pistoni. Ukivuta nyuma komeo, kile kijiti cha juu kinachoziba nyuma ya mtutu, nyundo inakaa tayari. Unaweka peleti, unafunga komeo, ukibana triga nyundo inaigonga valvu, na hewa inapanda kupitia tundu dogo hadi nyuma ya peleti. Risasi moja, hewa imekwisha, unaanza upya.

Kijitabu kinachokuja nayo kinasema usipungue mapigo 3 wala usizidi 10. Kwa mapigo 10 kiwanda kinatangaza mwendo wa hadi futi 600 kwa sekunde, yaani kama mita 183. Ndani ya nyumba sihitaji hata nusu ya hangaiko hilo. Mita 10 zinatosheka na mapigo matano, mradi yawe matano kila mara, kwa sababu pigo moja likiongezeka peleti inapanda kwenye karatasi, na likipungua inashuka. Mtu anayebadilisha idadi ya mapigo kila risasi halafu anazungusha skrubu za kilengeo hatafika popote.

Shemeji yangu alipokuja kututembelea mara ya kwanza alisimama pale chini kwenye besimenti akaniangalia nikipiga pampu, akasema, "Shem, kazi yote hiyo kwa risasi moja?" Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana naipenda. Risasi uliyoilipia kwa mkono wako huirushi ovyo. Bastola ya gesi inakupa risasi nyingi bila jasho, na mgeni wa shabaha akipewa risasi nyingi anajifunza kukosa haraka. Hii ya pampu inakulazimisha upumzike, pumzi irudi mahali pake, mkono uache kutetemeka, ndipo unyanyue. Sisemi itakufanya bingwa. Ninasema kwamba mwendo wake wa polepole unafanana na mwendo ambao kulenga kwenyewe kunauhitaji.

Kabla sijaingia kwenye kuifungua, kuna jambo ambalo mtu mweusi anayeishi Marekani hana ruhusa ya kulipita. Ni katika jimbo hilihili la Ohio, mwaka 2014, ambapo John Crawford aliuawa na polisi ndani ya duka huko Beavercreek akiwa ameshika bunduki ya upepo aliyoitoa kwenye rafu ya duka lenyewe. Miezi michache baadaye, huko Cleveland, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, aliuawa na polisi akiwa uwanjani na bastola ya kuchezea. Sheria ya shirikisho inasema silaha ya moto ni ile inayorusha kwa mlipuko, kwa hiyo bastola ya upepo haimo. Lakini askari aliyeko mita 20 mbele yako haioni sheria, anaona umbo. Yangu haitoki nje ya nyumba isipokuwa ndani ya sanduku lililofungwa, tupu, ndani ya buti la gari. Haipigwi uani. Watoto wa jirani hawajawahi kuiona, na watoto wangu wanaishika nikiwa nimesimama pembeni yao, na miwani ya kinga machoni.

Sheria zenyewe hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. New Jersey inahesabu bastola ya upepo kuwa bastola kamili, inahitaji kibali cha kununua. Jiji la New York lina katazo lake. Miji mingi ina kanuni kuhusu kufyatua ndani ya mipaka ya mji, kwa hiyo mimi nilipiga simu kituo cha polisi cha hapa kwetu nikauliza kabla ya kutundika karatasi ya kwanza. Walinijibu kwa adabu. Walioko Uingereza wajue kwamba bastola ya upepo ikivuka nguvu ya futi-pauni 6, kama jouli 8, imeingia kwenye silaha zilizopigwa marufuku, na huko Ujerumani kikomo cha kununua bila kibali ni jouli 7.5. Na tafadhali, usiitie kwenye begi la kwenda nyumbani kama zawadi ya mjomba shambani bila kwanza kuuliza polisi na forodha za huko.

Sasa kuhusu kuifungua.

Udhaifu wa 1377 inavyotoka kiwandani uko sehemu moja hasa: ile nyumba ya juu ambamo komeo linatembea na peleti inaingizwa. Ni ya plastiki. Ndiyo inayoushika mtutu upande wa nyuma, na ndiyo inayobeba kilengeo cha nyuma. Mtutu wenyewe ni wa chuma na ndani una mifereji ya kuizungusha peleti, mtutu wa heshima kabisa kwa bei yake, lakini umeshikwa na kitu kinachopinda. Ukiusukuma kwa kidole gumba unauona ukicheza. Kilengeo nacho kinacheza. Hapo ndipo dola 40 hivi za kwanza zinapaswa kwenda, kwenye nyumba ya chuma inayochukua nafasi ya ile ya plastiki. Crosman waliuza yao, na zipo za mafundi binafsi, fupi na ndefu.

Kuibadilisha ni kazi ya jioni moja. Tandika taulo jeupe mezani, maana skrubu zake ni ndogo na zulia linazimeza. Hakikisha hakuna peleti na hakuna hewa. Skrubu inayoishika nyumba kwenye bomba iko ndani, unaifikia ukivuta komeo nyuma, na bisibisi yako iwe inaingia kwenye kichwa chake bila nafasi, la sivyo utaula mdomo wake. Ukiinua plastiki utaona kimpira kidogo kikikaa juu ya tundu la hewa, kati ya valvu na mtutu. Kimpira hicho ndicho roho ya kazi yote. Kikikaa upande, hewa inavuja na bastola inapiga kinyonge ingawa umepampu vizuri. Mimi hukipaka tone la oili ya silikoni kishikane mahali pake, kisha naishusha nyumba mpya wima, bila kuiburuta. Unaingiza mtutu, unapanga tundu lake lilingane na tundu la chini, unakaza kidogo, unaangalia, unakaza tena. Ukiishika baada ya hapo utahisi uzito umeongezeka mahali panapostahili, na mtutu umetulia kimya. Juu yake kuna reli ya milimita 11 inayopokea darubini ndogo au kilengeo cha doti nyekundu. Mimi nilibaki na vilengeo vya chuma kwa sababu ninapenda kujifunza navyo, lakini kwa macho ya mtu wa umri wangu doti nyekundu ni huruma.

Pili ni triga. Inavyotoka kiwandani ni nzito na ina mchanga, yaani unaivuta unahisi inakwaruza njiani. Kwenye mashindano ya Olimpiki triga ya bastola ya mita 10 isipungue gramu 500. Hii haifiki huko na haina haja ya kufika. Upande mmoja wa kiunzi cha mpini kuna kibati kinachofunika triga na springi zake. Kifungue taratibu juu ya trei, kidole kikiwa juu ya springi, na upige picha kabla ya kugusa chochote. Utaona mahali ambapo chuma cha triga kinakutana na chuma kinachoizuia nyundo. Nyuso hizo mbili ndizo zinazokwaruza. Msasa laini sana, ule wa namba 1000 kwenda juu, uliokunjwa kwenye kipande cha bati bapa, unatosha kuzing'arisha. Unang'arisha, hukati. Ukibadilisha pembe ya nyuso hizo, nyundo inaweza kujiachia yenyewe, na hapo umetengeneza kitu cha hatari. Springi nyepesi kidogo ya triga, tone la grisi, basi. Ukimaliza, bastola ikiwa tupu, vuta komeo nyundo ikae tayari, kisha gonga mpini kwa kiganja mara kadhaa, uone kama nyundo inabaki mahali pake. Ikiachia, rudisha vya zamani.

Nilipofika kwenye mpini ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko popote. Vibao vya plastiki vya kiwandani vimeshikwa kwa skrubu, vinatoka kwa dakika moja, na chini yake ni kiunzi chembamba cha chuma kinachokubali umbo lolote utakaloliweka juu yake. Wamarekani wengi hapa wanachonga kwa walnati. Mimi nilikuwa kwenye duka la mbao nikitafuta hiyohiyo walnati nikaona, kwenye kikapu cha vipande vya kutengenezea kalamu na mipini ya visu, vibao vyeusi vizito vyenye ukingo wa rangi ya siagi. Nilijua kabla ya kusoma karatasi iliyobandikwa. Mpingo. Mti ule ambao Wamakonde wanatoa vinyago vyake, ambao Ulaya na Marekani wanautoboa kuwa klarineti na oboe, ulikuwa umefika Ohio kwenye kikapu.

Nilimuuliza mwenye duka ulikotoka, na ninashauri kila mtu aulize. Miti ya jamii hiyo iko tangu 2017 chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na upo mpingo uliokatwa kwa utaratibu: huko Kilwa misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vizuri, wanavijiji wanasimamia ukataji na fedha inarudi kwao. Kipande cha ukubwa wa kiganja si kitu mbele ya makontena, lakini sikutaka kushika kila jioni kitu chenye historia mbaya.

Mpingo haukubali haraka. Ukiutia majini unazama, na tupa mpya inateleza juu yake mwanzoni kama imekataa. Keekee ikizunguka kwa kasi, tundu linapata moto na mbao inapasuka, kwa hiyo nilitoboa matundu ya skrubu polepole, nikiinua kila mara kutoa unga. Unga wenyewe una rangi ya zambarau iliyokolea, unawasha pua na ngozi. Vaa barakoa na ufanyie kazi penye hewa. Nilianza kwa kunakili vibao vya plastiki, kisha nikaacha nyama zaidi upande wa kiganja na kuchonga kijukwaa kidogo cha kulaza kidole gumba.

Kipimo changu kilikuwa hiki: nasimama mita 10 kutoka kwenye karatasi, nafumba macho, nanyanyua bastola mpaka mkono ujisikie umefika, nafumbua. Vilengeo vikiwa vinaangalia kushoto, nyama imezidi upande mmoja wa kiganja, napunguza hapo kwa tupa. Vikiwa vinaangalia chini, mgongo wa mpini umejaa mno. Narudi kwenye jiliwa, naondoa unga kidogo, narudi kusimama. Jioni baada ya jioni. Hatimaye nikawa nafumbua macho na kilengeo cha mbele kiko katikati ya pengo la nyuma, juu ya duara jeusi, bila kukitafuta. Sikupaka vanishi. Mpingo una mafuta yake. Msasa mwembamba na kitambaa cha pamba vinautoa mng'ao wenyewe, na ule ukingo wa siagi niliuacha uonekane nyuma, pale shimo la kidole gumba na cha shahada linapokaa.

Hapo ndipo mabadiliko yenye faida kubwa yanapoishia, kwa maoni yangu. Wapo watakaokuambia ubadilishe pistoni na valvu. Ya kiwandani ina kichwa kilichochongoka, na kati yake na valvu hewa kidogo inabaki bila kuingia kwenye chemba. Pistoni yenye kichwa bapa na valvu bapa inayolingana nayo inaondoa upotevu huo. Ni uhandisi mzuri na ninawaheshimu waliouvumbua. Lakini kinachofuata mara nyingi ni mtu kupiga mapigo mengi kuliko kikomo, pini za mkono wa pampu zinaanza kuliwa, kisha mtutu mrefu, kisha kitako cha bega, na bastola ya dola 70 imefikia dola 300 huku ikitoboa kopo kwa nguvu zaidi lakini duara la alama 10 likiwa palepale, halijaguswa. Duara hilo kwenye karatasi ya bastola ya mita 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Peleti iendayo polepole inaliingia sawasawa na iendayo mbio.

Fedha hiyo inunue peleti. Chukua tini chache za aina tofauti, za kiwanda hikihiki, za JSB, za H&N, na uzipige kutoka kwenye mto wa mchanga, idadi ileile ya pampu, uone mtutu wako unapenda ipi. Mitutu ina mapendeleo, hata miwili iliyotoka siku moja. Kwa shabaha tumia peleti zenye kichwa bapa. Zinakata karatasi tundu safi la mviringo na kuhesabu alama kunakuwa rahisi. Nyuma ya karatasi weka sanduku la mbao lililojazwa ule udongo laini wa kijivu ambao mafundi umeme hutumia kuziba mabomba ya nyaya. Peleti inazama humo kwa mlio mdogo, hairudi, na risasi haisambai. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Madini ya risasi ni sumu hata yakiwa kidogo kiasi hicho.

Matunzo ni machache. Oili tone moja kwenye washa ya pampu na kwenye viungo vya mkono kila baada ya muda, isiwe oili ya kulainisha kutu ambayo huharibu mipira. Wazoefu huiacha na pigo moja la hewa ndani, bila peleti, ili valvu ikae imefungwa na vumbi lisiingie. Mimi nafanya hivyo, kisha sanduku, kisha kufuli.

Shemeji alirudi mwezi uliopita. Safari hii alishuka besimenti kabla hata hajala, akapiga pampu zake tano bila kuambiwa, akapumzika, akanyanyua. Yeye ni mtu wa mkono wa kushoto, na mpini wangu umechongwa kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kijukwaa cha kidole gumba kilikuwa kinamsukuma. Ameagiza yake, ya milimita 5.5. Tunatafuta nyumba ya chuma ambayo komeo lake linatoka upande wa kushoto, na kwenye rafu yangu bado kuna kipande kimoja cha mpingo ambacho nimemwambia asimwonyeshe mke wake mpaka tuwe tumeshakitoboa.